Mimi Si Posta ya Nyumba Hii

Lusajo mwanangu,

Salamu sikupi. Nikikuuliza hujambo utasema sijambo, nikikuuliza umelalaje utanijibu "ndaga", yaani asante tu, kama wenzako wote wa huku, na mimi nitabaki palepale nilipokuwa. Tuanze na lenye uzito. Baba yako ana sukari, ile ile iliyomkata mguu babu yako. Ana kidonda kwenye wayo wa mguu wa kulia, amekifunika na soksi tangu kabla ya Pasaka, na hospitali hataki kusikia. Anachemsha majani anakunywa, eti yanasafisha damu. Nimeliweka jambo hili hapa juu kabisa kwa makusudi. Katika ukoo wenu neno la maana husemwa mgeni akishavaa viatu na kushika mwavuli wake, na mengine husemwa makaburini. Mimi subira hiyo imeniishia.

Kesho asubuhi unapanda basi la Mbeya, kisha uendelee mpaka huko Tunduru ulikopangiwa ubwana shamba, na hujasemezana na baba yako tangu msimu wa kakao. Ukiondoka hivyo, mzee huyu atakaa na mguu wake mpaka uoze, kwa sababu akiambiwa na mimi hasikii. Mimi ameshanizoea kama redio ya jirani. Wewe ndiye pekee anayekuogopa kidogo, na anayekupenda mno, na wote wawili mmekaa mmenuna kama mabibi harusi.

Mambo ya sweta na kuchemsha maji ya kunywa sikuandikii. Akili ya kuchemsha maji unayo. Akili unayoikosa ni nyingine, na upungufu huo umeurithi hapahapa nyumbani, kwa hiyo ngoja nikueleze ilivyoanza.

Unajua mimi ni mtu wa Lyulilo, Mkisi wa ziwani. Mama yangu alifinyanga vyungu, na pale sokoni mnunuzi akitaka chungu hukigonga kwanza kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kikilia vizuri ananunua. Kikikoroma anakirudisha na kukwambia mbele za watu kwamba chungu chako kina ufa. Unakasirika, unamtukana kidogo, unakwenda kufinyanga kingine. Tulikua tunapigiana kelele kutoka mtumbwini mpaka ufukweni, na mtu akinuna ilijulikana amenuna kwa lipi. Ndipo nikaolewa huku Ndandalo kwa watu wastaarabu. Loh! Ustaarabu wao nimeula mpaka umenipandisha presha.

Nilipofika tu, bibi yako alinikalisha jikoni akanifundisha ukutila. Nyinyi vijana mnacheka, mnaona ni mambo ya zamani, lakini katika mji huu yalishikwa kwelikweli. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hatamki jina lake. Akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Akiwa na neno la kumwambia, anamwambia mtu, na mtu huyo anamwambia mtu mwingine. Ndiyo heshima, alisema bibi yako. Basi nikaishika heshima. Niliishika kuliko mabinti waliozaliwa hapa, maana mgeni hujua anatazamwa.

Sasa fikiri mwenyewe. Mtu anayeinamisha macho kila siku anaona nini? Anaona miguu. Uso wa babu yako sikuujua, ila miguu yake niliijua kuliko aliyemzaa. Nikaona ameanza kuukanyagia pembeni mguu wa kushoto. Nikaona ukucha umekuwa mweusi. Siku moja alikuwa amekaa barazani amenyoosha mguu, nikapita na ndoo ya maji, nikaona kidonda chini ya kidole gumba, kibichi, nzi wametua na yeye hana habari nao. Na nyuma ya migomba, pale alipozoea kwenda haja ndogo, nikifagia nilikuta sisimizi wamejaa kana kwamba pamemwagwa soda. Mjomba wangu wa Lyulilo alikuwa na sukari. Nilijua ninachokiona.

Nikamwendea bibi yako, nikasema wazi kama nilivyolelewa. "Mama, baba ana sukari. Pale anapokojoa pana sisimizi, na mguuni ana kidonda asichokisikia."

Unajua aliniuliza nini? Hakuuliza kidonda kiko mguu gani. Aliniuliza, "Na wewe ulifuata nini kwenye mkojo wa mkweo?"

Nilitaka ardhi inimeze. Na wakati ananiuliza hayo alikuwa amejifunga kanga, naiona mpaka leo, imeandikwa Mficha maradhi kifo humuumbua. Ilikuwa imemkaa vizuri kabisa kiunoni. Watu wa namna hii hununua methali kwa kuangalia rangi.

Ujumbe aliupeleka lakini, tusimwonee. Ila angeanzaje kusema kwamba mkamwana ameona mkojo wa mzee? Akauosha kwanza. Akamwambia baba yako, "Mzee wako miguu inamsumbua." Baba yako, mwanamume mzima mwenye mke na shamba, naye akaona ataulizwa nani kaiona hiyo miguu. Akaupiga pasi. Akaenda barazani, akakohoa, akaulizia mvua, akaulizia ng'ombe wa jirani aliyekatika kamba, mwisho akasema, "Baba, naona viatu vyako vimechoka."

Basi babu yako akaenda Kyela mjini kununua viatu.

Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Muuza viatu wa kwanza alikuwa mtu wa pwani, mwenye duka karibu na stendi. Aliinama kumvisha, akaona, akasema palepale, "Shikamoo tena mzee wangu, lakini mimi viatu sikuuzii. Mguu huu wa hospitali." Babu yako akaona ametukanwa. Mchuuzi gani huyo anayemwambia mtu mzima habari za mguu wake mbele ya wateja? Akatoka, akaingia duka la pili, akanunua viatu vya ngozi ngumu, akavivaa kanisani Jumapili, na ukoo mzima ukamsifu kwamba amependeza. Na mimi nilimsifu! Nilimtuma bibi yako akamwambie.

Mguu walimkatia Mbeya. Aliporudi, mwiko aliuvunja mwenyewe. Aliniita barazani kwa jina langu, watu wote wapo. Nikaja nimeinama. Pale nilipozoea kutazama palikuwa na mguu mmoja na suruali iliyokunjwa ikabanwa na pini.

"Mkamwana, nasikia wewe uliona."

"Niliona, baba."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, baba."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia mama."

Akamtazama bibi yako. Bibi yako akamtazama baba yako. Baba yako akatazama kuku. Babu yako akatikisa kichwa polepole. "Humu ndani mna midomo mitatu yenye meno kamili," alisema, "na habari za mguu wangu nimepewa na muuza duka." Halafu akaniambia, "Inua uso, mwanangu. Nione mtu aliyetaka kunisaidia, akashindwa."

Nikainua. Lusajo, yule mzee alikuwa na uso wa mcheshi. Macho ya utani kabisa, yale ya mtu ambaye ungekaa naye mkimenya ndizi mnacheka mpaka jioni. Nilikuwa nimeishi mji mmoja na mtu mcheshi muda wote ule nikivijua vidole vyake tu. Tuliongea sana baada ya hapo, lakini hatukuongea kwa muda mrefu. Hakumaliza mwaka. Hilo linaniuma mpaka leo na sitaki unifariji.

Wahenga husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wahenga hao hawakuwa na sukari. Sisi ulimi haukujikwaa hata kidogo, ulikaa salama mdomoni umejilaza, kidole ndicho kilichokwenda.

Ungedhani tulijifunza. Thubutu! Kuna mama mmoja wa semina alikuja kanisani, mwenye miwani na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani, akatufundisha mawasiliano katika familia. Akasema anayemeza maneno huumwa, presha humpanda, usingizi humkatika, ndoa yake huoza huku inacheka mbele za watu. Yote kweli. Baba yako alipiga makofi kuliko wote, na mwisho akasimama kutoa shukrani kwa niaba ya akina baba. Tukarudi nyumbani njia nzima bila neno, kila mmoja na soda yake ya semina mkononi.

Usidhani najitoa humo. Mimi, binti wa watu waliogonga vyungu, ndiye niliyegeuka kuwa posta ya nyumba hii, na nilipenda. Nakwambia kweli, nilipenda. Mtu anayebeba maneno ya wenzake hujiona wa maana. Kila mtu anamhitaji, hakuna anayemuuliza yeye ana neno gani. Bibi yako alipokufa nilirithi kazi yake, nikairithi na pasi yake.

Sasa tuje kwako, msomi.

Siku ile kwenye kituo cha kakao ulisimama mbele ya karani, baba yako na wakulima wenzake, stashahada yako bado ina joto la mashine, ukachukua punje moja ukaipasua kwa kisu. Ukasema, "Hii haijachachuka. Mzee aliifunua mapema." Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwenye kuzaa msomi amejizalia mkaguzi." Baba yako akafunga gunia lake akalipakia kwenye baiskeli, akalisukuma mpaka nyumbani kwa miguu. Kwa mguu ule, Lusajo. Ulikuwa hujui, sawa. Ulikuwa hujui kwa sababu hujawahi kumuuliza kitu kingine zaidi ya chaji ya simu iko wapi.

Na ulikuwa sahihi. Nzi naye huwa sahihi akitua kidondani, hakosei mahali. Kakao ile mliigeuza pamoja kwenye sanduku, mkaifunika pamoja kwa majani ya mgomba, ukamwona anaifunua kabla ya wakati, ukanyamaza. Nyumbani ulinyamaza! Ulingoja hadhira. Usije ukajidanganya kwamba ule ulikuwa ukweli wa wazi kama wa kwetu Lyulilo. Kule mtu hugonga chungu anachotaka kukinunua. Wewe uligonga ili watu wasikie mlio.

Tangu siku hiyo jina lako halijatoka kinywani mwa baba yako. Wewe ni "msomi wako." "Mwambie msomi wako aje ale, asije akasema ndizi hazijachachuka." Ninakuja kwako: "Baba anakukaribisha chakula." Wewe hujainua hata uso kwenye simu: "Mwambie mzee nimeshiba maneno yake." Narudi kwake: "Anashukuru, amekula kwa rafiki yake." Miezi yote hii. Mwongo mkubwa mimi mama yako! Nilidhani nalinda amani. Kumbe nilikuwa nalinda ugomvi usife. Baba yako hajui umeona aibu kiasi gani kwa siku ile, maana uliponiambia nilimpelekea nusu. Wewe hujui ameumia kiasi gani, maana nilikuletea robo. Kila mmoja wenu amekuwa akigombana na mtu niliyemtunga mimi.

Unakumbuka ile mvua ya kakao? Bila shaka unakumbuka, ila unajifanya ilikuwa mvua tu. Kakao imeanikwa uani, wingu limeshuka kutoka milimani, mmekimbia wote wawili na turubai moja. Yeye kashika upande huu anapiga kelele, "Mwambie avute kwake!" Wewe upande ule, "Mwambie kaishika kinyume!" Na mimi nimesimama katikati, nimelowa chapachapa, nageuza shingo huku na huku. Mlikuwa mmeshika turubai moja! Mngeweza kupigana makofi bila kunyoosha mkono. Kakao ikalowa yote, na jioni ile kila mmoja akanituma nimwambie mwenzake kwamba kosa ni lake.

Wiki iliyofuata ndipo nilipoanguka pale kisimani, nikapelekwa kupimwa. Muuguzi akatazama kile kipimo cha presha, akakirudia, akaniuliza, "Mama, nyumbani una mtu wa kuongea naye?" Nikacheka mpaka akaogopa. Nikamwambia, "Mwanangu, nyumbani mimi naongea kutwa. Sijanyamaza tangu asubuhi. Ila sijasema neno langu hata moja." Akaniandikia vidonge. Vidonge nameza. Lakini siku mlipokwenda wote wawili msibani Ipinda, kila mmoja na pikipiki yake, nililala mchana kama mtoto mchanga, na kichwa hakikuniuma. Hilo sikumwambia muuguzi, nakwambia wewe.

Utaoa huko uendako, sijui nani, na sitakuchagulia. Ila mkeo akikwambia jambo, usiwahi kuuliza kalijuaje. Swali hilo limekula mguu mzima katika nyumba hii. Na hao wakulima wako wakikwambia mpunga hauna shida, usiandike haraka. Kaa kwenye tuta, ule nao muhogo, watakwambia wakati unaaga. Zaidi ya hapo sina busara. Ningekuwa nayo ningeitumia mwenyewe.

Leo mchana, ulipokuwa unafunga begi, baba yako aliniita. Akaanza kama kawaida yake, "Mwambie msomi wako," kisha akasema neno. Lilikuwa fupi. Sijawahi kumsikia akilisema, hata kwangu. Nililibeba mpaka mlangoni mwako. Nikakuona umeinama unakunja shati, nikafungua mdomo, nikajisikia naanza kulinyoosha, nalitafutia namna ya kulilainisha lisikushtue. Nikarudi nalo. Nikamwambia, "Hili ni lako. Kamwambie mwenyewe, ni hatua chache."

Akasema, "Basi, acha." Ndiyo watu wenyewe hao! Neno limekaa kifuani msimu mzima, limefika mdomoni, linaambiwa acha.

Ndipo wewe ukaondoka kwenda kuaga rafiki zako, na mimi nikakaa hapa mezani nikaanza kukuandikia. Baba yako amepita mara kadhaa anajifanya anatafuta tochi, na jua bado liko juu. Mwisho akasimama nyuma yangu.

"Unaandika nini?"

"Namwandikia Lusajo habari za mguu wako."

Ungemwona. Alivimba, akapiga meza, akasema nimemvua nguo mbele ya mtoto wake. "Nani kakutuma?"

"Leo sijatumwa," nikamwambia. "Leo nasema mimi."

Alizunguka, akatoka nje, akarudi. Akavuta kiti. Nikaendelea kuandika, naye akawa ananisikilizia kalamu. Kisha akauliza, polepole, kana kwamba anaulizia mguu wa mtu mwingine, "Umemwandikia kwamba umeanza kunuka?"

Nikaweka kalamu chini. Lusajo, mimi nalala naye kitanda kimoja, na hilo sikulijua. Anaufunga mguu kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kulala na kunidanganya ni dawa ya majani. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kikisi, matusi ya mama yangu. Kisha nikalia.

"Basi mwandikie," akasema.

Nikamwambia siandiki. Nikamwambia avue soksi.

Amevua. Amekaa jikoni kwenye benchi, mguu uko wazi juu ya kigoda, na nimemwambia asiufunike mpaka uje. Nimesikia pikipiki yako hapo kona, kwa hiyo nakupa karatasi hizi mlangoni uzisome umesimama, na mimi nimekaa nje, sitaingia na wewe, usinitazame nikusaidie. Begi lako liache hapohapo. Basi la kesho liko na la keshokutwa liko, na Tunduru haihami.

Ingia, baba yako anaogopa.

Mama